Digri 18 ao 20? Namna ugomvi wa joto la nyumba ulifika hadi kwa Prezida

Kila mwaka kuko wenzetu wanaopata buruse ya kwenda kusoma Ubelgiji, Ufaransa ao Kanada, na wengi wanatuandikia jambo moja: kinachowasumbua kwanza si masomo, ni shofaji. Mwenye nyumba anasema digri 19 zinatosha. Mwenzako wa chumba anataka 23. Kisha fakitire inafika, na iko kwa jina lenu wote wawili. Sisi tunaokaa Bukavu, Butembo ao Lubumbashi ya mwezi wa saba, baridi tunaijua, lakini baridi yetu inakubali kushindwa na koti, chai ya moto na mbabula. Ya kule inaua watu, hasa wazee. Njo maana hawaichezei, na njo maana wameigombania kwa muda mrefu: ndani ya nyumba, ndani ya bunge, hata ndani ya nyumba ya Prezida.

Kwanza tuelewe kwamba ugomvi huu si wa zamani sana. Wakati wa moto wa kuni ndani ya ukuta, hakuna mtu aliyeweza kuuliza "tuweke digri ngapi?". Ukikaa karibu na moto, uso unaungua na mgongo unaganda. Ukikaa mbali, unaganda wote. Watu walipasha mwili, hawakupasha nyumba: nguo nyingi, bulangeti nzito, pazia kuzunguka kitanda. Hata juzi-juzi tu, mwaka 1970, joto la wastani ndani ya nyumba za Uingereza wakati wa baridi linakadiriwa kuwa karibu digri 12. Nyumba nyingi hazikuwa na shofaji ya kupasha vyumba vyote. Leo ukimwambia Mwingereza kijana alale ndani ya digri 12, atakuita mtesaji, na bibi yake alikulia humo.

Katika karne ya 19 majiko ya chuma yalienea, zaidi sana Marekani, na hapo maneno yakaanza. Charles Dickens alipotembelea Marekani mwaka 1842 alilalamika sana juu ya majiko yaliyowaka kupita kiasi ndani ya magari ya moshi. Kwake, Wamarekani walikuwa wanajichoma wenyewe. Na Wamarekani wenyewe hawakukubaliana. Dada wawili, Catharine Beecher na Harriet Beecher Stowe, walitoa mwaka 1869 kitabu cha mambo ya nyumba, na humo walipiga vita vikali dhidi ya vyumba vilivyofungwa na kupashwa na jiko: waliona hewa ile inaharibu afya ya jamaa nzima. Kwao chumba chenye joto sana kilikuwa kosa la malezi. Angalia vizuri, tayari mwaka ule swali halikuwa joto peke yake. Lilikuwa swali la nani anajua kulea nyumba.

Sasa tufike kwa mtu ambaye wanafunzi wote wangepaswa kumjua. Warren Johnson alikuwa profesa katika chuo cha walimu cha Whitewater, jimbo la Wisconsin, kaskazini ya Marekani ambako theluji si mchezo. Pale chuoni, joto lilitoka chini, ndani ya chumba cha majiko, na hakuna mwalimu aliyeweza kuliongoza. Basi mfanyakazi wa majiko alilazimika kupanda, kuingia ndani ya darasa katikati ya somo, kusoma kipimajoto ukutani, kisha kushuka tena ili afungue ao afunge njia ya hewa. Fikiria wewe uko unaeleza jambo gumu, mlango unafunguka, mtu anapita, wanafunzi wote wanageuka. Kisha kidogo anarudi tena. Johnson alichoka. Alitengeneza kwanza kifaa cha umeme cha kupiga kengele kule chini wakati darasa limepoa ao limezidi joto, ili yule mtu apate habari bila kupanda. Mwaka 1883 akapata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake, na mwaka 1885 kampuni yake ikaanzishwa Milwaukee. Mwaka ule wa 1885 mtu mwingine, Albert Butz, alivumbua kule Minneapolis kifaa kilichofungua na kufunga jiko la makaa chenyewe. Vifaa hivyo njo babu ya termosta ya leo.

Kwa maoni yangu, termosta ilileta amani darasani na vita nyumbani. Juu ya nini? Mbele ya hapo, baridi ilikuwa kama mvua: inaanguka, unavumilia, humlaumu mtu. Termosta ilileta namba ukutani, na namba ina mtu aliyeichagua. Tangu hapo, ukisikia baridi, kuko mwenye kosa. Na kama makaa, mazuti ao gazi ni bei rahisi, yule anayesikia baridi anashinda mara nyingi, kwa sababu kupandisha namba hakuumizi mfuko. Njo namna nyumba za Marekani zilifika digri 23, 24, watu wakivaa mikono mifupi wakati inje maji yameganda.

Mwaka 1973 bei rahisi ikaisha. Vita vya mwezi wa kumi kati ya Israeli na majirani zake vilisukuma nchi za Kiarabu zenye petroli kupunguza mafuta na kuyanyima Marekani. Bei ya pipa ilitoka karibu dola 3 na kukaribia dola 12 mwanzoni mwa 1974. Tarehe 7 Novemba 1973, Prezida Nixon alisema na taifa kwa televizyo. Aliomba kila nyumba ishushe termosta kwa digri 6 za Fahrenheit kwa uchache, ili mchana wastani wa nchi uwe 68, ni kusema 20 za kwetu. Akaongeza kwamba daktari wake alimwambia joto la 66 hadi 68 ni afya kuliko la 75 hadi 78. Watu walicheka. Wale waliofanya kazi naye wamesimulia kwamba Prezida huyo huyo alipenda kuwashiwa moto wa kuni hata wakati wa joto, huku mashini ya kupoza hewa inafanya kazi ili aweze kuuvumilia.

Lakini hadisi tamu zaidi ni ya Jimmy Carter. Baridi ya 1976-1977 ilikuwa kali sana mashariki ya Marekani. Gazi ilipungua, viwanda vikafunga, masomo yakafunga, wafanyakazi kwa maelfu wakarudishwa nyumbani. Tarehe 2 Februari 1977, siku 13 tu kisha kuapa, Carter alikaa mbele ya moto wa kuni, amevaa pulovere ya sufu badala ya koti ya suti, akasema na wananchi. Alisema kama kila mtu ataweka digri 65 mchana na 55 usiku, ni kusema kama 18 na 13, nusu ya ukosefu wa gazi itakuwa imemalizika. Siku ile ile alitia sahihi sheria ya dharura juu ya gazi.

Carter hakuwa mtu wa kusema jambo na kufanya lingine. Alishusha digri ndani ya Ikulu yenyewe. Na hapo akakutana na mpinzani ambaye hakuna chama kilichomtuma: mke wake. Rosalynn Carter ameandika ndani ya kitabu cha maisha yake kwamba ofisi zake zilikuwa baridi hadi akashindwa kukaza akili, na wafanyakazi wake walipiga mashini wakiwa wamevaa glavu. Alimsihi bwana wake apandishe hadi 68. Tatu tu zaidi! Haikusaidia kitu.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu wengi wanasimulia jambo hili kama kichekesho. Mimi naona wote wawili walikuwa na haki, na njo maana halikuweza kumalizika. Bwana alikuwa anahesabu nchi: kama Prezida anaota joto, nani atakubali kuganda? Bibi alikuwa anahesabu kazi: barua ngapi zinatoka ndani ya ofisi ambayo vidole havitembei? Hesabu ya kwanza inaonekana kubwa kwa sababu iko kwenye televizyo. Ya pili inalipwa na wale wasekretere ambao hakuna mtu aliyewauliza.

Na hapa sayansi ilikuja na neno lake, hata kama ilichelewa. Mwaka 1970 Mdenmarki Ole Fanger alitoa kitabu kikubwa juu ya watu wanavyosikia joto ndani ya majengo. Alitegemea majaribio ya watu waliokaa ndani ya chumba cha kupimia, wengi wao wanafunzi (sisi wanafunzi tunatumikishwa kila mahali). Hesabu yake ilionyesha kitu ambacho kila mama wa nyumba alikijua tayari: hata ukipata digri bora kabisa, watu kama 5 kwa 100 hawataridhika. Namba ya kuwapendeza wote haiko. Kisha mwaka 2015 watafiti wawili wa Uholanzi, Kingma na van Marken Lichtenbelt, walionyesha kwamba kanuni za ofisi ziliegemea mwili wa mwanaume wa miaka 40 mwenye kilo 70. Mwili wa mwanamke aliyekaa kwenye meza unatoa joto kidogo kuliko kanuni ilivyodhani. Utafiti wao ulikuwa mdogo, wanawake 16 tu, na ulilenga ofisi, haukulenga nyumba. Hata hivyo, ukimkumbuka yule mwenye glavu wa 1977, unaelewa kwamba hakuwa mdekaji.

Turudi kwa Carter. Mwaka 1979, kisha mapinduzi ya Irani, mafuta yalipanda tena. Safari hii hakuomba, aliamuru: majengo ya ofisi, ya biashara na ya Leta yasipashwe kupita 65 wakati wa baridi, wala yasipozwe chini ya 78 wakati wa joto. Hospitali ziliachwa. Nyumba za watu ziliachwa pia, na hapa wenzangu wa droo mtanielewa: Leta ilifika hadi kwenye mlango wa nyumba, ikasimama. Nani angeingia sebuleni kwa mtu kusoma termosta yake? Ronald Reagan alipoingia, aliifuta amri ile Februari 1981, wiki chache tu kisha kuapa. Ile pulovere, wapinzani walikuwa wameshaigeuza kuwa alama ya umaskini: huyu ni Prezida anayetuambia tukae na baridi.

Ulaya walichukua njia nyingine. Ufaransa iliweka kipimo cha digri 20 mwaka 1974, ikakishusha hadi 19 mwaka 1979, na namba hiyo bado iko ndani ya kanuni zao hadi leo. Wengi walikuwa wameisahau hadi 2022, wakati vita vya Ukraine vilipokata gazi ya Urusi na serikali ikaikumbusha. Waziri wa uchumi, Bruno Le Maire, akatangaza kwamba ataacha kravati na kuvaa pulovere ya shingo ndefu. Watu wakamcheka sawa walivyomcheka Carter, na kwa sababu ile ile: mwenye nyumba mpya, yenye kuta nene na madirisha ya vioo viwili, digri 19 kwake ni mchezo. Mwenye chumba cha zamani chenye upepo kwenye dirisha anaweza kulipia 19 na kupata 16. Shirika la Afya Duniani linashauri nyumba isishuke chini ya 18, na kwa wazee, watoto na wagonjwa joto zaidi linaweza kuhitajika. Pulovere ya waziri haifungi dirisha la mpangaji.

Wajerumani, mimi njo ninawaona walifika karibu zaidi na moyo wa jambo. Ndani ya majengo yao makubwa, fakitire ya shofaji iligawanywa mara nyingi kwa ukubwa wa chumba. Basi wewe unayevumilia na koti unalipa sawa na jirani anayefungua dirisha huku radiateri inawaka. Tangu 1981 sheria yao inataka sehemu kubwa, kati ya 50 na 70 kwa 100, ilipwe kufuatana na kile ambacho kila mtu ametumia, kwa kipimo kilichowekwa kwenye radiateri. Kinachobaki kinagawanywa kwa wote. Kwa nini si yote kwa kipimo? Kwa sababu joto haliheshimu ukuta. Anayekaa katikati ya jengo anapashwa na majirani wa juu, wa chini na wa pembeni. Yule wa kona, chini ya paa, anawasha zaidi ili apate joto lile lile. Wakimwachia alipe yote, wanamwadhibu kwa mahali chumba chake kilipo.

Na mwaka 2022 kulitokea kule jambo ambalo Carter angelifurahia. Kuko mikataba ya kupanga iliyomlazimisha mpangaji aweke kiwango fulani cha joto, ili nyumba ya mwenyewe isiharibike kwa unyevu. Serikali ilisimamisha vipengele hivyo kwa muda. Mpangaji aliyetaka kuvaa pulovere mbili na kushusha namba akapata ruhusa ya kufanya hivyo, mradi anapitisha hewa na kuangalia kuta zisiote ukungu.