Wageni wa Rabai: Maisha ya Krapf na Rebmann Pwani

Wanafunzi wetu humjua Johann Ludwig Krapf kwa mambo mawili: kamusi yake ya Kiswahili, na mlima Kenya aliouona kwa mbali kutoka Ukambani tarehe 3 Desemba 1849. Vitabu vya shule aghalabu humweka katika kundi la wavumbuzi, au katika kundi la watangulizi wa ukoloni. Kila upande una sehemu yake ya kweli, lakini pande zote mbili humchora kama mtu mwenye nguvu. Habari alizoziandika mwenyewe zamwonyesha vingine kabisa. Ndani yake twamwona mgeni mgonjwa, mwenye kuomba ruhusa ya kupita na ya kujenga, na anayekula kile alichopewa na wenyeji.

Krapf alizaliwa Ujerumani mwaka 1810, akatumwa na chama cha kimisionari cha Kanisa la Uingereza. Kwanza alikwenda Ethiopia, akafukuzwa huko. Januari 1844 alifika Unguja. Seyyid Said alimpokea kwa heshima, akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani, akiwaagiza wamtendee wema. Bila ya barua ile ya mtawala Mwislamu, mmisionari huyu asingeweza kupanga hata chumba kimoja mjini Mombasa.

Mombasa ilimpokea kwa msiba. Mkewe, Rosina, alikuwa mja mzito, na mwezi wa Julai 1844 homa iliwalaza wote wawili. Alijifungua mtoto wa kike, naye mwenyewe akafariki tarehe 13. Mtoto alimfuata mama yake baada ya siku mbili. Mume alikuwa hajiwezi kwa ugonjwa. Huyo alikuwa mtoto wao wa pili kufa, kwani wa kwanza walimzika njiani katika safari yao ya Ethiopia mwaka 1843. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba homa ya malaria huletwa na mbu. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1897. Rosina alizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, na kaburi lake lipo mpaka leo.

Mwezi mmoja tu kabla ya msiba huo, tarehe 8 Juni, Krapf alikuwa ameanza kufasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Msaidizi wake katika kazi hiyo alikuwa kadhi wa Mombasa. Yafaa msomaji asilipite jambo hili kwa haraka. Mwanachuoni wa Kiislamu anakaa kitako na padri wa Kizungu, anamfundisha neno lipi ni fasaha na lipi silo, naye ajua vema kitabu kile kinakusudiwa kazi gani. Ukarimu wa namna hiyo haukutokana na ujinga. Ulitoka katika mji uliozoea wageni na uliojiamini katika elimu yake.

Elimu hiyo ilikuwa imekwisha andikwa zamani. Waswahili walikuwa wakitunga na kunakili tenzi kwa hati ya Kiarabu. Utenzi wa Tambuka ni wa mwaka 1728. Krapf alilijua hilo, na miswada ya tenzi aliyoipata pwani aliipeleka Ujerumani, ambako ilihifadhiwa mjini Halle. Hata hivyo, ni yeye aliyeshauri kwa nguvu kwamba Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kirumi, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa kuzuia nguvu ya Uislamu isienee bara kwa njia ya maandishi. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye hesabu ngumu ya maisha yake, kuliko katika safari zake zote. Mkono uliookoa miswada ndio uliosaidia kuifanya isisomeke kwa wajukuu wa watunzi wake.

Mwaka 1846 Johannes Rebmann alikuja kuungana naye, na wazee wa Rabai wakawakubalia kujenga kwao. Siku ya kuhama, tarehe 25 Agosti, wote wawili walikuwa na homa, nao walikuwa na punda mmoja. Walipanda kilima kwa zamu, huyu juu ya punda na yule kwa miguu. Kituo cha kwanza cha misioni ya Kiprotestanti katika nchi ambayo leo ni Kenya kilianza hivyo. Walijenga kwa mikono yao wenyewe, na waumini walikuwa haba mno: Mringe, mtu mlemavu aliyekuwa wa kwanza kubatizwa, alikuwa karibu kufa alipobatizwa.

Safari nazo zilikuwa na mashaka yake. Rebmann alikwenda Uchagga akiwa na mwavuli badala ya silaha, akiongozwa na Bwana Kheri wa Mombasa. Tarehe 11 Mei 1848 aliona weupe juu ya Kilimanjaro, na kiongozi wake akauita kwa neno moja: baridi. Huko London bingwa wa jiografia William Desborough Cooley alikataa kabisa kusadiki theluji hiyo, ingawa hajawahi kukanyaga Afrika. Mwaka uliofuata Mangi Mamkinga wa Machame alimpokonya Rebmann karibu bidhaa zake zote.

Lakini hakuna mkasa uliompata Krapf kuupita ule wa mto Tana. Agosti 1851 alisafiri na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba, wakashambuliwa karibu na mto. Kivoi aliuawa, na Krapf akabaki peke yake porini. Hakuwa na chombo cha maji, basi alijaza ala ya ngozi ya darubini yake na mitutu ya bunduki, akaiziba kwa majani. Miiba ikachomoa vizibo, maji ya mitutuni yakamwagika. Alitembea usiku, akatafuna majani na mizizi, akala na mchwa. Alipofika kwa jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kutomlinda mkubwa wao, naye akatoroka tena usiku.

Krapf aliondoka pwani mwaka 1853, afya imemwishia. Kamusi yake ilichapwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Rebmann alibaki Rabai miaka mingine zaidi ya ishirini, akikusanya maneno, pamoja na yale ya lugha ya Wanyasa aliyofundishwa na Salimini, mtu aliyeletwa pwani kama mtumwa. Macho yake yalipofuka. Mwaka 1875 alirudi Ujerumani asione, na aliyemshika mkono njiani alikuwa Isaac Nyondo, kijana wa Rabai.