Vitu vinavyobaki nyumbani watu wakiachana: sheria ya nchi yetu inasema nini

Watu wawili wakiachana, jambo la kwanza linalofika kwa wazee wa kanisa mara nyingi si watoto wala si dhambi. Ni matela, mashine ya kushona, mabati, parsele. Toka Kavimvira mpaka Kalundu, na katika vijiji vya pwani kuelekea Makobola na Baraka, tunaletewa ulizo lilelile: vitu vilivyobaki ndani ya nyumba ni vya nani? Mazoea yanajibu kwamba mwenye ufunguo ndiye mwenye vitu, au kwamba mashemeji wakitangulia kufika na mkokoteni, habari imekwisha. Sheria inajibu namna nyingine, na inaanza kwa kuuliza: hawa wawili waliunganishwa namna gani?

Sheria yenyewe ni Sheria ya Familia, n° 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa na sheria n° 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016. Inawapa wanaooana njia tatu za kupanga mali. Kila mmoja anaweza kubaki na yake. Vyote vinaweza kuwa vya wote wawili. Au wanafuata njia ya katikati: alichokuwa nacho mtu kabla ya ndoa, na alichorithi au kupewa zawadi, kinabaki chake, kile kinachopatikana kwa kazi yao ndani ya ndoa kinakuwa cha wote. Wasipochagua mbele ya afisa wa eta sivili, sheria inawaweka katika hiyo ya katikati. Wengi katika makanisa yetu wamo humo bila kujua, kwa sababu siku ile mawazo yote yalikuwa kwenye nguo na chakula cha wageni.

Kwa hiyo mashine ya kushona ambayo mama alikuja nayo toka kwao ni yake. Shamba ambalo baba alirithi katika bonde la Ruzizi ni lake. Friji, viti, mtumbwi na nyavu walizonunua wakiwa mume na mke vinahesabiwa vya wote wawili, hata kama fakture ina jina la mmoja. Anayesema kitu fulani ni chake peke yake ndiye anayepaswa kuonyesha. Ndivyo ilivyo hata kwa parsele iliyonunuliwa ndani ya ndoa na kuandikwa kwa jina la bwana. Nayo haiwezi kuuzwa kwa saini ya mmoja. Tunasisitiza hilo kwa sababu tunawaona watu wanaouza parsele upesiupesi mara tu bibi anapotoka nyumbani, na wanunuzi wasiouliza lolote.

Haya yote ni ya ndoa iliyoandikishwa. Walio wengi wanaokuja kwetu hawamo. Wameishi pamoja miaka kumi, wana watoto wanne, jirani wanamwita yule mama kwa jina la bwana wake, lakini hawakwenda kwenye komini. Ni ile hali ambayo Kilingala inaiita yaka tofanda, njoo tukae. Hapo sheria haioni mali ya wote wawili. Inaona watu wawili, na kila mmoja anaondoka na kile anachoweza kuthibitisha kwamba ni chake.

Chukua mfano wa mama anayeuza ndagala. Kila juma alimpa bwana fedha. Kwa fedha hizo zilinunuliwa mbao, saruji, mabati, na nyumba ikasimama kwenye parsele yenye jina la bwana. Wakiachana, hawezi kudai nusu ya nyumba kama mke. Anaweza kudai arudishiwe alichotoa, akiwa na vya kuonyesha: fakture zenye jina lake, ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money, daftari ya likelemba, fundi aliyelipwa kwa mkono wake, jirani aliyeona. Wengi hawana karatasi hata moja. Wengine walikuwa nazo, na mto Mulongwe ukazibeba pamoja na nyumba katika mafuriko ya Aprili 2020. Mashuhuda bado wanasikilizwa, lakini mashuhuda wanahama, wanakimbia vita, wanakufa.

Kati ya hali hizo mbili iko ndoa ya familia: mahari imepelekwa, wazee wamekaa, watu wamekula. Hiyo ni ndoa mbele ya sheria, ila inapaswa kuandikishwa kwa afisa wa eta sivili katika mwezi mmoja. Isipoandikishwa, yule anayetaka kuikana siku ya kugawana anapata mwanya. Na baraka tunazotoa sisi wachungaji, hata zikiwa na keki na picha, haziandikishi mtu. Mchungaji anayeacha waamini wake wafikiri vinginevyo anawaonea.

Mahari yenyewe ina habari yake. Kama inarudi au hairudi, nzima au nusu, hilo linafuata desturi ya wahusika, na desturi ya Wafuliiru, Wavira, Wabembe na Wanyamulenge haiko sawa pote. Lakini tusichanganye. Kuna familia zinazozuia nguo za mwanamke, sufuria zake, hata kitambulisho chake, mpaka ng'ombe zirudi. Hakuna anayepewa ruhusa hiyo na sheria. Kumbukumbu la Torati 24 linamkataza mwenye kudai hata kuingia ndani ya nyumba ya mdeni wake kuchukua rehani, asimame nje. Wazee wanaosimamia kuzuiwa kwa nguo za mama waisome sura hiyo kwanza.

Kitu kilichoachwa nyumbani hakijatupwa. Aliyeondoka usiku kwa sababu ya fimbo hakutoa zawadi ya vitu vyake. Aliyebaki navyo anavilinda tu. Akiuza mali ya mwenzake aliyokabidhiwa, anaweza kushitakiwa kwa kuvunja uaminifu, ambako ni kosa katika sheria ya makosa. Upande wa pili, aliyeondoka asivunje mlango wala asitume kaka zake. Na mama aliyepigwa tusimrudishe peke yake kuchukua masanduku, hata kwa dakika tano.

Mashitaka ya kuachana yanapelekwa kwenye tribinali ya amani, ile tunayoiita Tripe, ya mahali anapoishi mwenzako au mahali mlipoishi pamoja mara ya mwisho. Mkuu wake anajaribu kwanza kuwapatanisha. Tangu ombi linapoingia, mtu anaweza kuomba mali ilindwe isiuzwe wala kufichwa mpaka hukumu itoke. Walioishi bila ndoa nao wanaweza kudai vitu vyao, ila wanadai kama watu wawili wanaodaiana.

Kabla ya huko, kanisa linaweza kusaidia kwa kazi ndogo. Katika Mwanzo 31, Labani alimfuata Yakobo na kupekua mizigo yake yote. Yakobo akamtaka aweke alichokipata mbele ya ndugu wa pande mbili, wao waamue. Tufanye vile. Mashuhuda wawili wa kila upande, na shefu wa kartie au wa nyumba kumi. Waingie nyumbani mchana, waandike kitu kwa kitu: ni nini, kiko katika hali gani, nani anasema ni chake, nani anabisha. Penye kubishana waandike kubishana, wasiamue. Nguo, dawa, kitambulisho, vyombo vya kazi, pamoja na nguo za watoto, buletini za shule na vyeti vyao vya kuzaliwa, visingoje tribinali. Vitoke siku ileile. Kisha wote watie saini.

Karatasi hiyo si hukumu. Hakuna baraza la kanisa lenye uwezo wa kugawa parsele, na mzee anayejaribu anajitafutia kesi. Lakini miezi sita baadaye, mmoja anaposema friji haikuwepo, hakimu anakuwa na kitu cha kusoma. Nakala ziwe tatu: moja ya bwana, moja ya bibi, moja katika kabati la kanisa, kwenye rafu ya juu, maji yasiifikie.