Thamani ya Vitabu vya Kale vya Ajabu

Kitu chenye bei huhesabiwa upesi kuwa kina thamani, na kisicho na bei huhesabiwa upesi kuwa hakina. Kawaida hii haina madhara makubwa katika biashara ya machungwa au ya mkonge, lakini katika vitabu ina madhara mengi. Mtu wa Muheza afapo, shamba lake hupimwa, michungwa yake huhesabiwa mti kwa mti, na mifugo yake hugawanywa mbele ya mashahidi. Sanduku la vitabu, kama aliacha sanduku, hufunguliwa mwisho. Misahafu na vitabu vya sala hupata mrithi mara moja. Vile vya ajabu, yaani hadithi za majini, za wafalme wasiopata kuwako na za mashujaa waliopigana na mazimwi, hupewa mtoto anayevitaka. Na mtoto huyo asipopatikana, huishia kwa muuza karanga, wakafungia watu karanga ukurasa baada ya ukurasa. Yafaa tuulize ni kwa mizani gani vitabu hivyo vilipimwa hata vikaonekana vyepesi hivyo.

Nchi ya Bonde haikuanza kusoma jana. Wamisionari wa Kiingereza waliweka kituo Magila katika karne ya 19, na kabla ya karne hiyo kwisha palikuwa pakitolewa hapo gazeti la Kiswahili lililoitwa Habari za Mwezi. Reli kutoka Tanga ilifika Muheza mwaka 1896, na toka hapo safari ya kitabu kutoka bandarini haikuwa safari tena ya kubebwa kichwani. Wakati huo hadithi za Unguja alizozikusanya Edward Steere zilikuwa zimekwisha kupigwa chapa London, mwaka 1870. Mwaka 1929 Frederick Johnson alitoa Mashimo ya Mfalme Sulemani kwa Kiswahili. Halafu Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, akatoa Kusadikika mwaka 1951 na Adili na Nduguze mwaka 1952. Kando ya vitabu hivi vya chapa, na kabla yake, zilikuwako tenzi za vita na miujiza zilizonakiliwa kwa mkono katika herufi za Kiarabu. Pwani ya Tanga ilikuwa na bingwa wake katika kazi hiyo, Hemed bin Abdallah el-Buhriy, aliyetunga utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani.

Mizani za kupimia vitabu vya namna hii ni tatu: soko, maandishi na matumizi. Kila moja ina haki yake, lakini si kila moja yafaa kuwa hakimu wa nyingine.

Soko hupima uhaba na usafi. Mfano wake ulio wazi wapatikana mbali nasi. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Vilikuwa vijitabu vitatu ndani ya kisanduku, na chapa ya kwanza ilikuwa ya visanduku 1,000 tu. Vijitabu hivyo havisimulii hadithi; vyatoa kanuni za kuitunga. Watu huketi kuizunguka meza, mmoja wao akawa msimulizi, na kila mmoja wa wengine akachukua nafsi ya shujaa au mchawi, akasema atakalo kutenda, nayo dadu ikaamua kama amefaulu. Kila kikao huzaa hadithi isiyoandikwa mahali popote. Leo wakusanyaji hukitafuta kisanduku cha chapa ile ya kwanza kwa fedha nyingi, na bei huzidi kadiri karatasi zilivyo safi. Maana yake ni kwamba kitabu kilichotungwa ili kichezewe hupata bei kubwa kabisa kisipochezewa. Hapo soko limempa tuzo yule aliyekosa kukitumia.

Hata hivyo tusilidharau soko kwa yote, kwa sababu mara nyingine huona kitu ambacho msomi amekipita. Kitabu kingine cha mchezo huo, Deities & Demigods cha mwaka 1980, kilitoka kwanza kikiwa na sura za miungu iliyobuniwa katika hadithi za H. P. Lovecraft na za Michael Moorcock. Katika chapa za baadaye sura hizo ziliondolewa, na kwa hiyo chapa ya mwanzo hutafutwa kuliko zile zilizofuata. Mkusanyaji ajua jambo ambalo kila mwanafunzi wa historia yampasa kulijua: chapa mbili zenye jina moja si kitabu kimoja. Kwetu mkasa huu una uzito zaidi. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, Johnson akiwa katibu wake wa kwanza, na vitabu vya shule vikapita mbele yake visawazishwe lugha. Kazi hiyo ilikuwa na manufaa, lakini kila usawazishaji una vumbi lake. Nakala iliyopigwa chapa kabla ya mwaka huo yaonyesha maneno na tahajia ya watu ambao hawakuwa wamesahihishwa na mtu. Aonaye chapa mpya akaitupa ya kale kwa kuwa zote ni mamoja, ametupa shahidi na kubaki na tafsiri ya ushahidi.

Mizani ya pili ni maandishi yenyewe. Hapa vitabu vya ajabu vimeonewa sana, kwa kuwa wengi walivisoma kwa kutafuta kitu kingine. Mwenye sarufi alitafuta sarufi, mwalimu alitafuta maadili, na ajabu yenyewe ikahesabiwa kuwa ganda la kutupwa. Tazama Adili na Nduguze. Asili ya kisa hicho imo katika Alfu Lela U Lela, ambamo ndugu wawili wenye husuda waligeuzwa kuwa mbwa. Shaaban Robert aliwageuza kuwa manyani, akawaita Hasidi na Mwivu, na nchi yao akaiweka katika ufalme wa Ughaibu usio katika ramani yoyote. Asemaye kwamba huo ni mwigo hajauliza kwa nini mnyama amebadilika. Nyani kwa mkulima wa pwani ni mwizi wa shamba mwenye mikono kama ya mtu. Amfanyaye ndugu kuwa nyani amesema jambo ambalo mbwa asingaliweza kulisema. Thamani ya ajabu imo katika mabadiliko madogo kama hayo, na haionekani ila kwa msomaji aliye na vitabu viwili mkononi.

Mizani ya tatu, nayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa, ni matumizi. Utenzi haukuandikwa ili usomwe kwa macho na mtu mmoja pembeni. Ulisomwa kwa sauti na kwa mahadhi mbele ya wasikiaji, ambao wengine hawakujua kusoma lakini walijua kukosoa. Utenzi wa Rasi 'lGhuli, uliotolewa Dar es Salaam mwaka 1979, una beti zaidi ya 4,000. Kazi ndefu hivyo yahitaji mikesha, msomaji mwenye pumzi, na watu wa kumpokea kahawa. Katika hali hii utenzi wafanana na vijitabu vile vya Marekani: karatasi ni nusu ya kitu, na nusu ya pili ni baraza. Kwa hiyo doa la mafuta ya taa, ukurasa uliochakaa pembeni kuliko wenziwe, na jina la mnakili mwishoni ni maandishi mengine juu ya maandishi. Yatuambia ni wapi watu walitaka kurudiwa.

Pengine utasemwa kwamba hoja hii yatukuza uchafu, na kwamba kitabu kilichoraruka kimeraruka tu. Ni kweli kwamba ukurasa uliopotea hausomeki, na si kila doa lina habari. Lakini doa lisilo na habari mara nyingi lilikuwa nayo, ikafa pamoja na mtu aliyeijua. J. W. T. Allen alilifahamu jambo hili. Orodha yake ya mwaka 1970 ya hazina ya maktaba ya chuo cha Dar es Salaam haikuishia kwenye miswada. Ilitaja na kanda za sauti, kwa kuwa mahadhi hayamo katika wino.

Basi mwanafunzi arudiye Muheza asianze kwa kuuliza bei ya kitabu, wala asikimbilie kukichukua. Kwanza aandike kilikuwa cha nani, nani alikisoma, siku gani na kwa sauti gani; ndipo atazame mwaka wa chapa; ndipo asome. Karatasi yaweza kungoja miaka 50 ndani ya sanduku kama mchwa watakuwa na huruma. Bibi aliyekuwa akimsikia babaye akisoma usiku hawezi kungoja hivyo, na jibu lake ndilo sehemu ya kitabu ambayo hakuna duka liiuzalo.