Mkarafuu, Kunguru na Kima Punju: Nani Mgeni Unguja?

Katika maandishi ya wahifadhi wa mazingira, maneno mawili huandamana kama pacha: "geni" na "vamizi". Mmea uliotoka ng'ambo hushukiwa kabla haujatenda lolote, na wa asili husifiwa kabla ya kuulizwa una faida gani. Historia ya Unguja inavuruga mpango huo, kwani ni vigumu kutaja chakula cha kisiwa hicho bila kuitaja bahari. Mnazi na mgomba vilitoka Asia ya Kusini-Mashariki. Mwembe ni wa Bara Hindi, na mwarobaini vilevile, ingawa jina lake la Kiswahili huhesabu maradhi arobaini kana kwamba haukupata kutibu watu wengine. Muhogo na mahindi yalitoka Amerika, baada ya Wareno kuingia katika Bahari ya Hindi.

Mkarafuu unastahili kusimuliwa kwa kirefu zaidi. Kwao ni visiwa vya Maluku, ambako Waholanzi waliulinda kwa wivu ili bei ya karafuu isishuke. Mnamo mwaka 1770, kwa juhudi za Mfaransa Pierre Poivre, miche yake ilitoroshwa hadi Mauritius, na kutoka visiwa vya upande huo mti ukafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Seyyid Said bin Sultan aliwahimiza wenye ardhi waupande, naye mwenyewe akawa na mashamba makubwa. Misitu ikafyekwa. Watumwa walioletwa kutoka bara wakachimba mashimo, wakapalilia, wakachuma. Tufani ya mwaka 1872 iling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja; Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa, ikashika nafasi ya kwanza. Hadhi ya kisheria ya utumwa iliondolewa mwaka 1897 tu. Anayeuita mkarafuu fahari ya Zanzibar hasemi uongo, ila ameanza hesabu katikati. Umbali wa kwao hautuambii lolote kuhusu thamani yake. Yafaa kuuliza ni nani aliyepata na ni nani aliyelipa.

Kunguru wa Bara Hindi aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Alizila kweli. Kisha akala mayai na makinda ya ndege wengine, akaenea hadi mwambao wa bara. Kwake neno "vamizi" halina ubishi, lakini amelipata kwa matendo yake, si kwa pasipoti.

Kinyume chake ni kima punju, ambaye asili yake ni Unguja pekee. Punju ni sumu, na wakulima walisadiki kuwa mti anaoula hufa. Mwenyeji huyu, kwa jina lake lenyewe, alihesabiwa mharibifu. Mwaka 1999 watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker walichapisha matokeo ya kazi yao kando ya msitu wa Jozani: nazi changa zilizoliwa na kima hazikupunguza mavuno ya mwisho. Huenda ulaji huo uliipogoa minazi tu.

Jambo la ajabu zaidi lilikuwa limechapishwa miaka miwili kabla. Kima wanaoishi mashambani kandokando ya Jozani hutegemea sana majani ya miembe na ya mikungu, miti ya kigeni yote miwili. Majani hayo yana protini kwa wingi, lakini pia yana kemikali zinazodhuru usagaji wa chakula. Kima hawakuyaacha. Hula makaa, ambayo hufyonza kemikali hizo: huyaokota kwenye visiki vilivyoungua na kwenye matanuri ya wachoma makaa, na baadhi yao hushuka hadi karibu na majiko ya wanakijiji kuchukua kipande, wakakimbia nacho juu ya mwembe.