Karatasi Inashuka, Vitabu Havipandi

Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kupiga marufuku vitabu 16 katika shule zote nchini, za Serikali na za binafsi, kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume na mila na maadili ya Mtanzania. Vilivyozua gumzo zaidi ni vile vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid vya Mmarekani Jeff Kinney, vyenye katuni za mtoto mtukutu anayeandika visa vyake. Mjini watu waligawanyika. Wapo waliosema Waziri amechelewa, wapo waliosema amekosea.

Ruaha Mbuyuni agizo hilo lilipita kama basi la usiku lisilo na abiria wa kushuka. Vitabu vyenyewe ni vya Kiingereza, vinauzwa kwa bei ya mjini, na makazi yake ni shule za mchepuo wa Kiingereza. Huku mpakani mwa Morogoro na Iringa, ukishalipita bonde la mibuyu na kabla hujaanza kuupanda mlima Kitonga, kinachopangwa kando ya lami ni vitunguu. Malori ya Zambia yanapoa, abiria wa mikoani wananunua karanga, na karanga zinafungwa kwenye karatasi ya daftari lililokwisha au ya mtihani uliosahihishwa. Mtoto akimaliza kutafuna huikunjua na kusoma kilichobaki: swali la sayansi, nusu ya barua ya kirafiki, alama ya kosa kwa wino mwekundu.

Kwa hiyo ugomvi wa 2023 ulikuwa wa watu wenye rafu za vitabu. Ila una historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani, na sehemu kubwa ya historia hiyo inahusu nani amchagulie mtoto kitabu, si nani ampelekee.

Mwaka 1930 wakoloni waliunda kamati ya lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na moja ya kazi zake ilikuwa kupitisha vitabu vya Kiswahili kabla havijaingia darasani. Katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, alikuwa mfasiri hodari. Mwaka 1929 tafsiri yake ya riwaya ya Rider Haggard, Mashimo ya Mfalme Sulemani, ilikuwa imekwisha kutoka, na vizazi kadhaa vya wanafunzi vikakua nayo. Mna damu humo, mna mchawi kikongwe, mna Wazungu waliofuata almasi za Waafrika. Hicho kilionekana kinafaa kwa watoto wetu.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, magavana walimtuma mwandishi Elspeth Huxley achunguze Waafrika waliojua kusoma wapewe nini cha kusoma. Kutokana na ripoti yake, mwaka 1948 ikazaliwa idara ya vitabu ya Afrika Mashariki yenye makao yake Nairobi, East African Literature Bureau, chini ya Charles Richards. Ilichapa vitabu, na jambo hili husahaulika: ilivisafirisha pia. Palikuwa na maktaba ya posta, na palikuwa na masanduku ya vitabu yaliyopelekwa mahali, yakakaa, kisha yakabadilishwa. Kwa maeneo ya bara yaliyokuwa mbali na miji, hiyo ndiyo ilikuwa maktaba ya kwanza ya umma.

Yaliyofuata yanajulikana. Sidney Hockey wa British Council alishauri mwaka 1960 kila nchi iwe na bodi yake ya maktaba. Tanganyika ilitunga sheria mwaka 1963, Mwingereza Max Broome akawa mkurugenzi wa kwanza, na masanduku na maktaba ya posta vikahamia kwenye huduma mpya. Tarehe 9 Desemba 1967, miezi kumi baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, ikiwa na sehemu yake ya watoto. Ezekiel Kaungamno, Mtanzania wa kwanza kuiongoza huduma hiyo, aliisimulia safari yote hiyo pamoja na C. S. Ilomo katika kitabu cha juzuu mbili cha mwaka 1979, Books Build Nations. Jina tu linakueleza mkazo wao: kitabu ni chombo cha kujenga taifa. Na taifa la wakati ule lilikuwa na haraka na watu wazima, wakulima wa vijiji vya Ujamaa waliotakiwa kujua kusoma ili wasome habari za mbolea na kipindupindu. Majaribio ya maktaba za vijijini na gari la vitabu yalianzia Mkoa wa Mwanza. Sweden ikasaidia maktaba za vijiji. Kufikia 1986 Serikali ilitangaza kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima wanajua kusoma. Mtoto alikuwa apate chake shuleni, na shuleni, baada ya Elimu ya Msingi kwa Wote ya 1977, kitabu kimoja kiligombewa na dawati zima.

Katikati ya haraka hiyo ya kujenga taifa ndipo lilipotokea sakata ambalo kwangu ndilo kiini cha habari hii yote.

Mwaka 1971 ile ile Literature Bureau iliyowahi kusafirisha masanduku ilichapa riwaya ya kijana wa Ukerewe, Euphrase Kezilahabi, aliyekuwa amehitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka uliotangulia. Riwaya ni Rosa Mistika. Inamhusu binti aliyelelewa na baba mlevi na mkali, Zakaria, ambaye akigundua barua ya mvulana anampiga mtoto hadi majirani wanaijua habari. Rosa anakwenda shule, anakutana na ulimwengu bila kufundishwa chochote zaidi ya kuogopa, na mwisho wake ni mbaya. Kitabu kilitaja waziwazi mambo ambayo watu wazima walipendelea kuyasema kwa mafumbo: ngono, mimba, wakubwa wanaotumia vyeo vyao kuwapata wasichana.

Kikapigwa marufuku shuleni. Hoja ilikuwa ile ile tuliyoisikia 2023, kwamba kinaharibu watoto. Ukikisoma leo unashangaa kama waliokifungia walifika ukurasa wa mwisho, maana hakuna riwaya ya Kiswahili inayomtisha binti kuhusu anasa kuliko hiyo. Kikubwa zaidi ni kwamba Kezilahabi alikuwa amekwisha kuwajibu kabla hawajauliza. Zakaria anamlinda mwanawe kwa kukagua barua na kuchapa fimbo, na ndiyo sababu binti anapotoka nje ya uzio hajui pa kukanyaga. Kisha mamlaka za elimu zikafanya kazi ya Zakaria. Mwandishi kijana alitunga baba, na baba huyo akajitokeza akiwa na muhuri wa ofisi.

Marufuku haikudumu. Baadaye kitabu kiliruhusiwa, kikawa miongoni mwa vitabu vya fasihi vya sekondari, Tanzania na Kenya pia. Kezilahabi alikwenda kufundisha Botswana na alifariki Dar es Salaam Januari 2020 akiwa anatajwa kila mahali kuwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa riwaya ya Kiswahili. Mwaka 2025 Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani kilitoa tafsiri ya Kiingereza ya Rosa Mistika. Waliokifungia hakuna anayewakumbuka kwa majina.

Naomba nieleweke. Sisemi kila kitabu kinamfaa kila mtoto. Mkutubi mzuri hujua hilo kuliko waziri: anamtazama mtoto aliyesimama mbele ya meza yake, anamuuliza darasa, anamuuliza alichosoma mwisho, kisha anamchagulia. Kupendekeza kitabu ni kazi ya mtu anayemjua msomaji. Tumeigeuza kuwa kazi ya matangazo.

Mtoto wa Ruaha Mbuyuni wa miaka ya 1970 na 1980 aliyekosa mkutubi hakukosa hadithi kabisa. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na kipindi cha Mama na Mwana, na sauti ya Debora Mwenda iliingia kila nyumba iliyokuwa na betri. Ukimtaja leo mbele ya mtu wa makamo, awe wa Kilolo au wa Kigoma, anatabasamu kabla hujamaliza jina. Nadhani kipindi kile ndicho kilikuwa saa ya hadithi ya maktaba ya taifa kwa watoto ambao maktaba haikuwafikia, na hakuna aliyekipangia bajeti kama maktaba.

Sasa sikia kichekesho cha Nyanda za Juu Kusini. Miaka hiyo hiyo vitabu na madaftari vilipoadimika, Serikali ilijenga kiwanda kikubwa cha karatasi Mgololo, Mufindi, kutumia misonobari ya Sao Hill. Uzalishaji ulianza mwaka 1985. Kilisuasua, kikabinafsishwa mwaka 2004, na mpaka leo karatasi inateremka Kitonga kwa malori, inapita Ruaha Mbuyuni mbele ya macho ya watoto wale wale wa karanga, inakwenda Dar es Salaam. Mti ni wa Iringa, karatasi ni ya Iringa. Ikishakuwa hadithi, njia ya kurudi haijulikani.

Miaka ya karibuni ni ya miradi. Sera ya vitabu ya 1991 iliwafungulia mlango wachapishaji binafsi, na mwaka huo huo ukaanza Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania kwa msaada wa shirika la CODE la Canada, ukinunua nakala kutoka kwa wachapishaji na kuzigawa shuleni na maktaba. Kamati ya kutoa ithibati ya vitabu vya shule, EMAC, ilivunjwa mwaka 2013 baada ya Bunge kuchafuka kuhusu vitabu vibovu. Mkoa wa Iringa ulipata mradi wa kusoma wa Tusome Pamoja kuanzia 2016, kisha Jifunze Uelewe, yote kwa fedha za Marekani, na mwaka 2025 Marekani ikalifunga shirika lake la misaada. Tangu 2023 ipo pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, jambo la kujivunia.

Maktaba ya mkoa iko Iringa mjini, juu ya Kitonga. Makao ya Wilaya ya Kilolo, ambayo Ruaha Mbuyuni imo ndani yake tangu ilipomegwa mwaka 2002, yako milimani zaidi, na msafiri wa kawaida huyafuata kwa kupitia Ipogolo, Iringa mjini. Hakuna mtoto wa darasa la nne atakayetumwa huko kuazima kitabu. Lakini mabasi ya Iringa yanasimama Ruaha Mbuyuni kutwa, na makondakta wanabeba vifurushi, dawa, simu za kutengenezwa na bahasha za mitihani. Sanduku la vitabu, lile la Literature Bureau, lingeingia kwenye buti pamoja na magunia ya vitunguu, likabadilishwa kila muhula kwa daftari la mwalimu mmoja na saini moja ya mkutubi. Ningeanza na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, niweke Kurwa na Doto ya Farsy, niongeze vitabu vyembamba vya picha vya miaka ya 1990 kwa wadogo, na kwa walioingia kidato cha tatu niwawekee Rosa Mistika juu kabisa.