Kitambi si Kipimo cha Afya: Madhara ya Mafuta ya Tumbo na Namna ya Kuyaepuka

Mkoa wa Njombe, ulioanzishwa mwaka 2012, hufahamika kwa mahindi, viazi mviringo, chai na parachichi. Hata hivyo, wingi wa chakula haujawa kinga dhidi ya maradhi ya lishe. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionesha kuwa takribani nusu ya watoto wa mkoa huo wenye umri chini ya miaka 5 wana udumavu. Katika nchi hiyohiyo, uzito uliozidi kwa watu wazima umekuwa ukiongezeka. Utafiti wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulibaini kuwa mtu 1 kati ya 4 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini Tanzania alikuwa na uzito uliozidi, na uwiano unaokaribia huo alikuwa na shinikizo la juu la damu.

Katika jamii nyingi, mtu aliyenenepa husemwa kuwa "ana afya", na kitambi huhesabiwa kuwa dalili ya maisha mazuri. Sayansi ya tiba inaonesha vinginevyo. Mwaka 1947, daktari Mfaransa Jean Vague alieleza kuwa mahali mafuta yanapojikusanya mwilini pana uzito katika kuamua hatari ya maradhi. Miaka mingi baadaye, utafiti mkubwa uliohusisha nchi 52, zikiwamo za Afrika, ulithibitisha kuwa mafuta ya tumbo ni miongoni mwa visababishi vikuu vya mshtuko wa moyo.

Namna mafuta hayo yanavyodhuru

Mafuta ya tumbo yapo ya aina mbili. Ya kwanza hukaa chini ya ngozi na yanaweza kushikwa kwa vidole. Ya pili hukaa ndani zaidi, yakizunguka ini, utumbo na kongosho, na hayo ndiyo yenye hatari kubwa. Mafuta ya ndani humwaga asidi za mafuta katika mshipa unaopeleka damu kwenye ini, na pia hutoa kemikali zinazochochea uvimbe mdogo wa muda mrefu mwilini. Matokeo yake, mwili hushindwa kuitikia ipasavyo homoni ya insulini, sukari huongezeka katika damu, lehemu hupoteza uwiano na mishipa ya damu huharibika taratibu.

Magonjwa yanayohusishwa na hali hiyo ni kisukari cha aina ya pili, shinikizo la juu la damu, maradhi ya moyo, kiharusi, ini kujaa mafuta, kukatika kwa pumzi usingizini na baadhi ya saratani, ikiwamo ya utumbo mpana. Mengi kati ya hayo huanza bila maumivu, hivyo mhusika huweza kuendelea na shughuli zake kwa miaka akiwa tayari ni mgonjwa.

Nani yuko hatarini

Hatari huongezeka kadiri umri unavyosogea na, kwa wanawake, baada ya ukomo wa hedhi. Shughuli za kukaa muda mrefu, kama udereva wa magari ya masafa, kazi za ofisini na biashara ya dukani, huongeza uwezekano huo. Mji wa Makambako, ulio kwenye makutano ya barabara kuu na reli ya TAZARA, una wengi wa aina hiyo. Tafiti pia zimehusisha udumavu wa utotoni na kujikusanya kwa mafuta tumboni ukubwani, hivyo lishe bora ya mtoto ni kinga ya mtu mzima wa kesho.

Kujipima

Kipimo kinachohitajika ni utepe kama ule wa mafundi cherehani. Mpimwaji asimame wima na kutoa pumzi kwa kawaida, kisha utepe uzungushwe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hatari huanza kuongezeka kiuno kinapozidi sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke, na huwa kubwa zaidi kinapozidi 102 na 88. Kanuni nyepesi ni kuwa kiuno kisizidi nusu ya urefu wa mtu. Vipimo hivi havitumiki kwa mjamzito. Aidha, tumbo linalojaa ghafla, hasa pamoja na miguu kuvimba au macho kuwa ya manjano, huweza kuwa dalili ya ugonjwa mwingine na huhitaji uchunguzi wa haraka.

Hatua za kuchukua

Hakuna mkanda, chai wala zoezi moja linaloondoa mafuta ya tumbo pekee. Mafuta hayo hupungua mwili mzima unapopungua. Kwa mwenye kilo 80, kupunguza kilo 4 hadi 8 hutosha kuleta nafuu katika shinikizo la damu na sukari. Inashauriwa:

- kula dona badala ya sembe, na kuongeza maharage, mboga za majani na matunda;
- kupunguza soda, chai yenye sukari nyingi, maandazi na chipsi;
- kupunguza au kuacha pombe, ukiwamo ulanzi, na kuacha tumbaku;
- kufanya mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, kwa dakika zisizopungua 150 kwa wiki.

Mkazi wa Kata ya Ramadhani anayekwenda mjini Njombe kwa miguu badala ya bodaboda, pale umbali unaporuhusu, tayari ameanza tiba isiyo na gharama. Aliyevuka vipimo vilivyotajwa afike katika kituo cha afya kilicho karibu apimwe shinikizo la damu na sukari, kwa kuwa ugonjwa uliogunduliwa mapema hudhibitiwa kwa urahisi kuliko uliokwisha kuharibu moyo, figo au macho.