Ngitili za Wasukuma

Sisi tukaao Chimala, ukingoni mwa bonde la Usangu, twaijua kiu ya nchi. Tangu mwaka 1993 mto Ruaha Mkuu, upokeao maji ya mito yetu, umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi huko mbugani. Kwa hiyo yafaa tusikie habari za Shinyanga.

Zamani Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili: mvua zikianza walifunga sehemu ya malisho, ng'ombe wasiingie, ili kiangazi wapate majani. Walakini tangu miaka ya 1920 misitu ilifyekwa kuondoa mbung'o, kisha ikafyekwa kwa mashamba ya pamba. Na watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, ngitili nyingi ziliachwa. Nchi ikawa tupu, hata ikaitwa Jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Mabwana miti walianza kwa kugawa miche, mingi ya kigeni. Baadaye wakawasikiliza wenyeji, wakaona ya kuwa visiki vya miti ya asili vingali hai udongoni, kama vile Ayubu alivyonena juu ya mti uliokatwa. Vilitaka kulindwa tu. Ngitili za hekta 600 hivi zikazidi hekta 300,000 kabla ya kazi ile kwisha mwaka 2004.

Basi mwalimu alifundishwa na mwanafunzi wake. Nasi kabla ya kuomba miche, tuwaulize wazee wetu: hapa palimea mti gani?